Dizeli, umeme wa gridi au sola: mashine ya kusaga Kigoma iendeshwe na nini?

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta, na wenye mashine za kusaga, kuanzia Gungu hadi Nguruka, hutafuta mstari mmoja tu: Kigoma, dizeli. Mstari huo huwa juu ya ule wa Dar es Salaam kwa zaidi ya shilingi 200 kwa lita, kwa sababu mafuta yakishashushwa bandarini bado yana safari ya zaidi ya kilomita 1,200 kabla ya kufika huku. Bei ikiruka, haichukui siku nyingi mama aliyeleta debe la muhogo mkavu anaambiwa kusaga kumepanda. Naye hana pa kulipeleka suala lake zaidi ya kwenye sufuria: ugali unakuwa mdogo.

Ulinganisho huu ni wa mtu anayetaka kufungua mashine mkoani Kigoma, au aliyenayo tayari na anafikiria kubadili kinachoizungusha. Njia ni tatu: injini ya dizeli, mota ya umeme wa gridi ya TANESCO, shirika la umeme la Taifa, na sola. Taa za dagaa na injini za boti nitazigusa mwishoni, kwa kuwa maswali yake ni ndugu wa haya.

Kwanza, kwa nini mafuta ya nje yawe hoja kwa mtu mwenye kinu kimoja? Kwa sababu dizeli yote tunayotumia nchini huja kwa meli ikiwa imeshasafishwa. Kiwanda cha TIPER pale Kigamboni kiliwahi kusafisha mafuta ghafi tangu miaka ya 1960. Siku hizi ni maghala ya kuhifadhia. Wanaosubiri bomba la mafuta la Hoima, Uganda, hadi Tanga, lenye kilomita 1,443, lishushe bei wajue kwamba litabeba mafuta ghafi ya kuuzwa nje. Halitajaza tangi la mtu yeyote hapa.

Kwa hiyo kila mtikisiko wa mbali unatufikia. Mwaka 1973 vita vya Mashariki ya Kati na mgomo wa nchi za Kiarabu wa kuuza mafuta vilipandisha pipa kutoka kama dola 3 hadi karibu 12 ndani ya miezi michache. Mwaka 1979 mapinduzi ya Iran yakaleta pigo la pili, wakati Tanzania ikitoka kwenye vita vya Kagera ikiwa haina fedha za kigeni. Wazee wanakumbuka foleni za mafuta na marufuku ya magari binafsi kutembea Jumapili mchana. Februari 2022 Urusi ikaivamia Ukraine, na petroli ikavuka shilingi 3,000. Kuanzia Juni mwaka huo serikali ililazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi ili watu wapumue. Mwaka 2023 tatizo lilikuwa dola: mafuta yapo sokoni duniani, lakini dola za kuyanunulia zikawa adimu. Mwishoni mwa mwaka huo huo meli zikaanza kushambuliwa Bahari ya Shamu, nyingi zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema. Na karibu sehemu moja kati ya tano ya mafuta yanayotumika duniani hupita kwenye Mlango wa Hormuz, mkondo mwembamba kati ya Iran na Oman. Hakuna hata moja kati ya haya linaloamuliwa Kigoma, lakini yote yanalipiwa Kigoma.

Vigezo

Nitapima kila njia kwa mambo yale yale. Mtaji wa kuanzia. Gharama ya saa moja ya kazi, kwa kinu cha kawaida cha kilowati 15, yaani kama nguvu za farasi 20. Matengenezo. Kisha kigezo ambacho wengi hukisahau wakiwa dukani: nishati inatoka wapi, inapita mikononi mwa nani, na siku njia hiyo ikikatika unabaki na nini. Hiki cha mwisho nakipa uzito kuliko vingine, na nitasema wazi kwa nini. Watu hupiga hesabu ya mashine kwa bei ya mwezi mzuri. Biashara ya kusaga huuawa na mwezi mbaya.

Injini ya dizeli

Mtaji. Hapa dizeli ina nguvu yake. Unanunua injini na kinu leo, kesho kutwa unasaga, popote pale. Huombi nguzo, husubiri mpima. Na injini inahamishika: anayefuata mavuno, Kasulu msimu huu na Uvinza msimu ujao, anaipakia kwenye lori na kwenda nayo. Ndiyo maana vijiji vingi vya mkoa huu vilipata unga kwa injini kabla ya kuona waya wa umeme, na heshima hiyo haiondolewi.

Gharama ya saa. Injini nzima hula robo hadi theluthi ya lita kwa kila uniti moja ya kazi (kilowati moja kwa saa moja) inayotoa. Kinu cha kilowati 15 kikifanya kazi kwa nguvu zote, hiyo ni lita 4 hadi 5 kwa saa. Weka lita moja kwa shilingi 3,000: ni shilingi 12,000 hadi 15,000 kwa saa, ukiacha oili. Lita ikipanda kwa 500, saa yako imepanda kwa 2,000 au zaidi, na hukuzalisha hata kilo moja zaidi.

Hapo kuna jambo ambalo mwenye mashine analijua kuliko mchumi. Bei ya kusaga haipandi kidogo kidogo. Dizeli hupanda kwa shilingi 47 au 112, lakini mteja hulipa kwa sarafu na noti zilizopo. Kwa hiyo mwenye mashine hubeba hasara kwa wiki kadhaa akisubiri, kisha hupandisha kwa mkupuo. Dizeli ikishuka, bei ya debe haishuki nayo, kwa sababu anafidia wiki zile. Mteja anaona tamaa, mwenye mashine anaona deni, na wote wawili wanasema kweli.

Matengenezo. Mafundi wa dizeli wapo kila tarafa, na vipuri vya injini za Kichina vinapatikana Mwanga, mjini Kigoma, bila shida. Lakini injini iliyochoka ni mwizi wa kimyakimya. Mwombe fundi afungue nozeli na kuipima mbele yako: ikiwa nzima, hupuliza mafuta kama ukungu mwembamba, ikiwa imechoka, hutona matone. Matone hayo hayaungui yote, yanatoka kwenye bomba kama moshi mweusi. Ukiona moshi mweusi mzito wakati kinu hakina mzigo mkubwa, usilaumu bei ya sheli peke yake.

Njia ya nishati. Ndiyo ndefu kuliko zote. Kiwanda cha kusafisha ng'ambo, meli, zamu ya kushusha bandarini, dola za benki, ghala, lori, sheli, na kwa vijiji vya mwambao ongeza dumu la lita 20 ndani ya boti. Kila mkono unaongeza bei yake na hatari yake. Faida moja ya dizeli ni kwamba inahifadhika: pipa moja lililofungwa vizuri, mbali na maji na jua, linakupa wiki za kupumua.

Inamfaa nani. Aliye mbali na waya, anayehamahama, au mwenye kazi nyingi ya msimu mfupi. Humfaa pia anayehitaji akiba ya dharura.

Mota ya umeme wa gridi

Kabla ya namba, historia kidogo, maana kuna watu Kigoma bado wanahukumu umeme kwa hali ya zamani. Kwa miaka mingi umeme wa mkoa huu ulikuwa wa majenereta ya TANESCO yaliyokula dizeli. Aliyedhani ameachana na mafuta kwa kufunga mota alikuwa anatumia mafuta yale yale, yamepita kwenye waya tu. Lori la dizeli likichelewa njiani, mji ulikuwa gizani. Mwaka 2022 ndipo gridi ya Taifa ilipoanza kuingia mkoani kutoka upande wa Nyakanazi, na majenereta yakaanza kuzimwa.

Badiliko hilo ni kubwa kuliko linavyozungumzwa. Umeme wa gridi hutokana kwa sehemu kubwa na gesi yetu ya Songosongo na Mnazi Bay, na maji yetu. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, lilianza kuzalisha Februari 2024. Na huku kwetu kuna mradi wa maporomoko ya Igamba, mto Malagarasi, wa megawati 49.5.

Mtaji. Mota yenyewe haina bei ya kutisha ukilinganisha na injini ya nguvu ileile. Kinachotisha ni kuunganishwa. Ile shilingi 27,000 iliyozoeleka vijijini ni ya umeme wa njia moja (“single phase”, waya mmoja wa moto), na kinu cha kilowati 15 kinahitaji umeme wa njia tatu (“three phase”, nyaya tatu za moto). Kama laini ya njia tatu haipiti karibu, gharama ya nguzo na waya inaweza kuzidi kinu, mota na banda kwa pamoja. Uliza hilo ofisi ya umeme ya wilaya kabla hujalipia fremu. Njia moja huendesha kinu kidogo tu, cha mota ya farasi 3 hadi 5.

Gharama ya saa. Mteja wa kundi la T1, yaani la matumizi ya kawaida, hulipa kama shilingi 356 kwa uniti, kodi na tozo zikiwamo. Kinu kile kile kitakula kama uniti 17 kwa saa, yaani elfu sita na kitu. Ni nusu ya dizeli au chini yake. Zaidi ya hapo, bei ya uniti haibadiliki kila mwezi: unapanga bei ya debe, nayo inakaa. Kwa mteja maskini huo utulivu una thamani kuliko punguzo lenyewe.

Matengenezo. Mota haina nozeli, ringi wala oili ya kubadilisha. Ina bearingi, mkanda, na adui mmoja mbaya. Katika njia tatu, njia moja ikipotea kwa hitilafu ya laini, mota haizimi. Inaendelea kuzunguka kwa mbili zilizobaki, ikivuma kwa sauti nzito, inapata moto, na ndani ya dakika chache koili zimeungua na unamtafuta fundi wa kuwaindi, yaani kuzisuka upya. Kifaa cha kuzima mota njia inapopotea au umeme unaposhuka ni cha bei ndogo sana kando ya mota mpya. Nasikitika kila ninapoona mota kubwa imefungwa kwa swichi ya kawaida tu. Usikubali fundi akuambie si lazima.

Njia ya nishati. Ndefu pia, lakini karibu yote iko ndani ya nchi. Haipiti Hormuz wala haihitaji dola kila wiki. Hatari zake ni nyingine. Mwaka 2023 nchi iliingia kwenye mgawo, maji na gesi havikutosha mahitaji. Aprili 1, 2024 hitilafu ya gridi iliacha sehemu kubwa ya nchi bila umeme. Na Kigoma tuko mwisho wa laini, ambako umeme huwa mdogo jioni kila mtu anapowasha. Laini ya kilovolti 400 ya Nyakanazi hadi Kidahwe ndiyo tegemeo la kuondoa udhaifu huo. Umeme ukikatika huna cha kuweka kwenye dumu. Unasubiri.

Inamfaa nani. Aliye mjini Kigoma, Ujiji, Kasulu, Kibondo au kijiji chochote ambako njia tatu inapita karibu, na mwenye wateja wa kila siku.

Sola

Mtaji. Hapa ndipo wengi hurudi nyuma. Hesabu yake ni hii: kinu cha kilowati 15 kikisaga saa tatu kwa siku kinakula kama uniti 51. Kilowati moja ya paneli kwa jua letu hutoa kama uniti 4 kwa siku. Unahitaji karibu kilowati 13 za paneli, yaani paneli kubwa 24 hivi za wati 550, na bado hujanunua inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa paneli uwe wa kuendesha mota, yenye uwezo wa kuhimili mota inapoanza kuzunguka. Ukiongeza betri, bei inapaa.

Lakini hesabu hiyo ni ya kinu kikubwa. Kipo kinu kidogo cha sola cha kilowati 1 hadi 3, kinachosaga moja kwa moja jua likiwapo, bila betri. Kasi yake ni ndogo, foleni inakuwa ndefu. Kwa kijiji kidogo kinatosha, mradi wateja wakubali kuacha debe asubuhi na kulichukua mchana.

Gharama ya saa. Karibu sifuri, na hapo ndipo kosa la hesabu huingia. Sifuri hiyo umeilipia mwanzoni, mara nyingi kwa mkopo. Gawa mtaji kwa miaka, weka na betri: za risasi huchoka mapema ndani ya miaka michache, za lithiamu hukaa zaidi kwa bei zaidi. Ukikopa kwa riba ya juu, riba inaweza kumeza faida yote ya kutonunua mafuta.

Matengenezo. Paneli huhitaji kupanguswa vumbi kiangazi na kulindwa na wezi na mawe ya watoto. Kinachokufa ni inveta na betri, na mafundi wanaozijua vizuri hawajawa wengi nje ya mji. Muulize muuzaji nani atakuja ikiharibika, na aje kutoka wapi.

Njia ya nishati. Fupi kuliko zote: kutoka angani hadi juu ya bati lako. Paneli nazo zinaagizwa nje, sawa, ila unaziagiza mara moja kwa miaka 20 au zaidi, ilhali dizeli unaiagiza kila wiki. Vita ikizuka kesho, paneli iliyo juu ya bati haipandi bei. Hatari yake ni mawingu. Kigoma mvua huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na zipo siku ambazo kinu cha sola kitasaga nusu ya kazi yake. Kwa bahati nzuri muhogo huanikwa kiangazi, kwa hiyo kazi nyingi na jua jingi vinakutana.

Inamfaa nani. Vijiji vinavyotegemea boti kama vile vya mwambao wa kaskazini kuelekea Kagunga, na vikundi vya akina mama au ushirika wenye uwezo wa kununua kwa pamoja bila mkopo mkali.

Taa za dagaa na boti

Kwenye taa mizani inaelemea upande mmoja kuliko kwenye kusaga. Bajeti ya 2011/12 ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji, maana watu walikuwa wanayachanganya na dizeli. Nia ilikuwa njema, ila mvuvi wa Kibirizi au Katonga mwenye karabai sita, taa za mafuta za kupampu, aliingia kwenye bili hiyo bila kumchakachua mtu. Taa ya LED haihitaji nguvu nyingi, betri moja ya kuchajiwa mchana inamaliza usiku wa giza. Karabai inabaki na sababu moja ya haki: ikiharibika katikati ya ziwa, utambi na glasi mvuvi anavibadilisha mwenyewe, wakati taa ya LED iliyoingia maji inamrudisha ufukweni. Nunua iliyozibwa vizuri, na ubebe ya akiba.

Boti za abiria na mizigo bado ni petroli au dizeli. Kwa safari ndefu za ziwani sijaona mbadala wa kumshauri mtu leo. Kinachowezekana ni injini inayolingana na mzigo na mwendo usio wa kukimbizana.

Uanzie wapi, kulingana na hali yako

Umeme wa njia tatu unapita karibu na una injini nzima tayari: funga mota, injini usiiuze. Zikae pande mbili za kinu kimoja, ili umeme ukikatika uhamishe mkanda tu. Washa injini mara moja kwa wiki ili isigande, na dizeli ya akiba uitumie na kuijaza upya badala ya kuiacha mwaka mzima pipani.

Umeme wa njia tatu unapita karibu na ndiyo unaanza: anza na mota, pamoja na kifaa cha kuilinda. Injini ya akiba itafuata biashara ikishajilipa.

Waya haujafika lakini nguzo zinaonekana zikija: nunua injini ya mtumba iliyokaguliwa nozeli, usiingie kwenye mtaji mkubwa wa sola. Chagua kinu ambacho baadaye kitapokea mota bila kubadilishwa.

Waya hautegemewi hivi karibuni na kijiji ni kidogo: kinu kidogo cha sola, wanunuzi wakiwa kikundi. Kama kijiji ni kikubwa na msimu ni mfupi, dizeli bado ina nafasi yake, na bei ya debe ipangwe na wateja wakiwapo, wakiona risiti ya sheli.

Huna hela ya kubadili chochote mwaka huu: nunua daftari. Kila siku andika lita zilizoingia na madebe yaliyotoka, na kila Jumatano ya kwanza andika bei mpya pembeni. Baada ya miezi mitatu utajua debe moja linakula mafuta kiasi gani, na kama kiasi hicho kinaongezeka bei ikiwa ileile, mwite fundi wa nozeli kabla ya kumwita muuzaji wa sola.